Jiwe la Urani la Baba Mdogo

Lile jiwe lilitugharimu ekari tatu za mpunga kule Malinyi, msimu mzima wa samaki, na baba mdogo mmoja. Huyo wa mwisho alirudi, kwa hiyo nimemtoa kwenye hesabu, ingawa kila nikihesabu upya naona heri asingerudi. Kinachonijia kwanza ni harufu ya risasi ikiyeyuka kwenye sufuria juu ya mkaa, uani kwetu Mlabani, Ifakara, harufu inayokaa kwenye ulimi kama umelamba sarafu. Ilikuwa miaka ya tisini, masika yamekwisha, mto Kilombero unarudi kwenye kingo zake na kambale wamenasa kwenye madimbwi wakisubiri wenye nyavu. Baba alikuwa mwenye nyavu. Lakini siku hiyo mimi na mama tulikuwa chini tunang'oa kipande kimoja kimoja cha risasi, vile vinavyozamisha wavu, kwa sababu baba mdogo Kasiani alisema urani haikai ndani ya nyumba ya watu bila sanduku la risasi.

Kasiani alikuwa amebeba mizigo ya wataalamu waliokuwa wakipima miamba huko milima ya Mahenge. Alirudi na jiwe jeusi, zito, ukubwa wa bonge la ugali wa watu wawili. Baba hakuwa mjinga; alinituma nimuulize mwalimu. Mwalimu alitueleza darasa zima kwamba urani kidogo tu inaweza kuwasha mji mzima, na kwamba Ulaya wanaipikia umeme miaka mingi. Akaeleza pia miji ya Japani iliyoteketezwa kwa bomu, na kinu cha Warusi kilicholipuka hadi watu wakahamishwa makwao. Nilifikisha nyumbani nusu zote mbili za somo. Baba alichukua ile ya kwanza tu. Umeme wa maji ulikuwa ukitengenezwa Kidatu, si mbali, na sisi tulikuwa tunasomea koroboi. Mtu wa namna hiyo huhitaji kusukumwa kidogo sana.

Mnunuzi aliletwa na Kasiani, amevaa suti kwenye joto la Ifakara, ameshika kimashine kama redio ndogo. Alikisogeza kwenye jiwe kikalia ti-ti-ti. Akapita nacho uani, kikalia tena karibu na mafiga.

"Baba, mbona hata jikoni kinalia?" mama akamuuliza mgeni.

"Mama, mionzi hiyo imeshasambaa. Ndiyo maana nasema lifungiwe haraka."

"Na wewe huogopi?"

"Mimi nimechanjwa."

Baba alicheka kwa heshima. Mama hakucheka, lakini hakuuliza tena, maana shemeji yake ndiye aliyemleta mgeni, na kwetu ukimbana mgeni umemvua nguo aliyemleta.

Ikaja ada ya kulipimisha jiwe Dar es Salaam. Lile shamba la Malinyi halikuwa la baba. Mama alipewa na baba yake, na kuliuza ilibidi wajomba wakae kikao. Walikaa, wakanung'unika, wakamwachia mwenyewe aamue. Kasiani alipiga magoti mbele yake, mwanamume mzima, akasema, "Shemeji, nikikudhulumu nisizikwe na ndugu zangu." Mama akauza. Kasiani na mnunuzi wakaondoka na ada na sanduku, sisi tukabaki na nyavu zinazoelea juu ya maji kama nguo iliyosahaulika mtoni. Kambale walipita chini yake msimu ule wote bila wasiwasi.

Baada ya miaka, Kasiani alirudi amekonda, akasema mnunuzi alimlewesha kituo cha basi Morogoro akatoweka na kila kitu. Baba alimkumbatia, akalia. Hadi anakufa alisema ndugu yake aliibiwa pamoja na sisi.

Ukweli niliupata siku ya arobaini ya baba. Kasiani, pombe ikiwa imemkaa vizuri, alinivuta kando akanieleza kama anayesimulia kichekesho. Jiwe aliliokota kando ya barabara kule Sanje, si Mahenge. Ada waligawana na yule mnunuzi nusu kwa nusu. "Baba yako alipenda mno umeme, mwanangu," akasema. "Nisingemuuzia mimi, angemuuzia mwingine." Nikarudi kuwagawia wageni wali, na mama sikumwambia.

Leo Mlabani umeme upo, ukikatika tunalalamika. Redio inataja urani iliyopatikana kusini mwa nchi, na viongozi wanazungumzia kujenga vinu vya nyuklia siku zijazo. Mama, macho yamefifia lakini masikio mazima, husikiliza hadi mwisho kisha husema, "Mnaona? Shemeji hakutudanganya. Ni yule mwenye suti." Analima kwa kukodi sasa, na mwaka huu ameamua kumkatia Kasiani nusu ya kiwanja chetu ajenge, kumfuta machozi, kwa kuwa naye aliibiwa. Jumapili alimchinjia kuku. Kasiani alikula paja polepole, akinitazama mimi, si mama.

Mjumbe wa mtaa anakuja wiki ijayo kuweka mipaka. Nikinyamaza, mwizi anapata kiwanja. Nikisema, mama anampoteza shemeji aliyemwamini maisha yake yote, na atajua marehemu mumewe alimlilia nani. Ninyi mlio na wazazi wazee, ningependa kujua mngefanyaje.