Mjane wa Mtakatifu

Mama Léontine ni jirani yetu hapa Kibabi. Analima maharagwe na muhogo, na ukimkuta anapalilia hasimami kukusalimia. Anakusalimia akiwa ameinama, kisha anakuuliza kama mmekula. Huu ni mwaka wa tatu anavaa kikwembe cheusi. Kwetu mjane anavaa hivyo mpaka familia ya mume imuondolee matanga. Akiwa bado na nguo hiyo halali mbali na nyumba, wala hashiki mtoto mchanga. Wengine wanamaliza kwa mwaka mmoja. Yeye amekwama, na mimi nataka kueleza jinsi alivyokwama, kwa sababu hata shuleni hakuna aliyeweza kunieleza.

Mume wake, Papa Polycarpe, alikuwa katekista wa kapela yetu. Siku risasi zilipofika hapa, watu walikimbia, yeye akabaki kapelani pamoja na wagonjwa walioshindwa kutembea. Walifunga mlango, wakasali rozari. Nyumba za kando zote zilitobolewa. Kapela haikuguswa. Baadaye alikufa kwa homa, kitandani, kama mtu yeyote. Lakini mama mmoja alichukua udongo wa kaburi lake, akauchanganya na maji, akampa mtoto wake mwenye degedege, na mtoto akapona. Tangu hapo watu wanakuja kaburini, hata kutoka Masisi kwenyewe, wawili watatu kwenye pikipiki moja. Kaburi liko nyuma ya jikoni. Mama Léontine akitoka kuosha sufuria anakuta watu wamepiga magoti, anarudi ndani na sufuria yake chafu.

Binti yake wa pekee, Nadine, ameolewa Itebero, kule msituni. Alipopata mimba, Mama Léontine alimwendea Papa Mbonigaba, kaka wa marehemu, akamwomba amuondolee matanga ili aende kumpokea mjukuu. Papa Mbonigaba alikubali. Kasiksi, pombe ya ndizi, ikatengenezwa.

Desturi yenyewe ni fupi. Mjane ananyolewa, anavuliwa nguo nyeusi, na ndugu ya mume anasimama kaburini na kumwambia marehemu: tumekulilia, sasa uende, usirudi. Asiposema yeye, hakuna kilichofanyika.

Siku ilipofika, Mama Hélène, mkubwa wa shirika letu la Wakatoliki, alikuja na wamama wake.

“Papa Mbonigaba, ni kweli utamuambia mutakatifu aende?”

“Njo desturi, mama.”

“Akienda, nani ataombea batoto betu?”

Papa Mbonigaba akavua kofia, akaivaa tena.

“Na kisha mutakatifu hatumuliliake,” Mama Hélène akaendelea. “Matanga ya nini? Iko mbinguni, anakula vizuri kukupita.”

Watu walicheka. Papa Mbonigaba hakucheka. Nilimsikia akimnong'oneza mke wake: “Niseme ile maneno, halafu kesho mutoto ya muntu akufe? Hapana.” Kasiksi waliinywa hivyo hivyo, wakaenda. Mama Léontine alibaki kuokota vikombe, na nywele zake kichwani.

Padri alipokuja kutoa misa, Mama Léontine alimfuata mpaka kwenye pikipiki.

“Mama,” Padri alisema, “Kanisa halijatangaza kwamba Polycarpe ni mtakatifu. Kuna uchunguzi, kuna mashahidi, inachukua miaka. Mtu akimwomba moyoni mwake si kosa. Lakini msimfanyie ibada.”

“Basi uwaambie baniondolee matanga.”

“Hayo ni mambo ya familia yenu, mama.”

Akawasha pikipiki.

Mdogo wake Mama Léontine, Papa Théophile, anayemwita yaya, yaani dada mkubwa, ni mchungaji wa Waprotestanti kwenye mlima wa pili. Yeye alikuja na Biblia yake, akakaribishwa maharagwe.

“Yaya, mutakatifu haiko muntu mwenye alikufa. Paulo aliandikia watakatifu ba Efeso, na walikuwa wazima, wanakula, wanagombana. Hata wewe, venye umekaa hapo, uko mutakatifu.”

“Mimi?”

“Wewe. Ulimuamini Yesu.”

“Sasa mutakatifu mwenye iko muzima, nani atamuvua hii nguo?”

“Uivue mwenyewe. Jumapili uje kwetu, useme mbele ya bantu kama lile kaburi iko sanamu, tukubatize mu maji mengi. Itebero nitakupeleka mimi mwenyewe.”

“Nimutukane bwana yangu njo nione mujukuu.”

“Haiko kumutukana, yaya.”

“Iko nini?”

Mchungaji alikula maharagwe yake mpaka yakaisha.

Mimi nilimuuliza Mama Léontine kama kwake yeye Papa Polycarpe alikuwa mtakatifu. “Uliza mwenye alifuaka soksi zake,” akasema.

Ikaja habari kwamba Nadine amejifungua msichana. Jumapili hiyo, wakati wa matangazo, Mama Léontine alisimama kapelani. Alisema sote tunakosea. Siku ile ya risasi Polycarpe hakubaki kwa ushujaa. Asubuhi aligombana na mkewe juu ya mbuzi, akaondoka kwa hasira, akanywa kasiksi, akaja kulala nyuma ya altare. Watu walipokimbia yeye alikuwa anakoroma. Wagonjwa ndio waliomwamsha.

Nikafikiri sasa Mama Léontine amepona, watamwondolea matanga. Ndipo Mama Hélène akasema, polepole kabisa: “Hata Yesu alilala mu mutumbwi, zoruba ikivuma.”

“Amina,” watu wakajibu.

Wiki ile waliokuja kaburini waliongezeka. Vijana wa mlima wa pili nao wakipita njiani walikuwa wanaita, “Mutakatifu wa kasiksi, utuombee,” na Papa Théophile alituma ujumbe kwamba yaya aje arudie ushuhuda ule kanisani kwake. Hakwenda. Alisema aliyasema yale ili atoke matangani, siyo ili aingie kwingine.

Nadine aliposikia, alikuja mwenyewe. Kutoka Itebero ni kutembea msituni siku kadhaa kabla ya kupata pikipiki, na mtoto mgongoni. Alifika miguu imevimba, akamfungua mtoto, akampelekea mama yake amshike.

Mama Léontine aliweka mikono yake chini ya mapaja, akaikalia.

“Mama, mushike. Ni kitambaa tu.”

“Akipata homa?”

“Hatapata.”

“Akipata, batasema nini? Na mimi nitajiambia nini?”

Nadine akamlaza mtoto kwenye mkeka. Mama Léontine alishuka kwenye kiti, akajikunja mpaka uso wake ukawa karibu kabisa na ule mdogo, mikono ameifunga mgongoni, akimnusa. Mtoto alikamata pembe ya kitambaa chake cha kichwa. Hakuthubutu kumbandua vidole, akabaki hivyo hivyo ameinama, na huko nje, nyuma ya jikoni, rozari ilikuwa imeanza.