Magunia nyuma ya ukuta wa depo

Jua limeshapanda, lakini ndani ya ghala bado kuna ubaridi. Mwanga unapenya kwenye matundu ya hewa yaliyoachwa kati ya matofali na kulala kwa mistari juu ya mpunga uliotandazwa sakafuni. Pélagie Mbelu anatembea juu yake peku, akiugeuza kwa nyayo. Anainama, anaokota punje moja, anaitia menoni na kuivunja.

"Bado," anasema. "Ikikauka inalia. Hii inanyamaza."

Pélagie ana miaka hamsini na tisa. Ni mtunza ghala wa ushirika wa wakulima wa mpunga pembeni mwa mtaa wa Mikelenge, mjini Kindu, mashariki mwa Kongo. Kazi hiyo ameifanya kwa miaka ishirini na mitatu, na ujira wake ni magunia matatu ya mpunga kila mavuno. Baba yake aliletwa hapa kutoka Kasai kufanya kazi ya reli. Yeye mwenyewe hajui kwao kwingine.

Ghala hilo, ambalo wenyeji wanaliita depo, lilijengwa na mnunuzi wa pamba kabla ya uhuru. Nguzo zake za mti wa kambala ni nene kiasi kwamba mtu mmoja hawezi kuzikumbatia. Vigae vyake vimeota kuvu, na juu darini wanaishi bundi weupe wanaolinda mpunga dhidi ya panya vizuri kuliko paka yeyote.

"Watu wanapita na kinga zao, wanasimama, wanapiga foto," anasema. Kinga ndiyo baiskeli. "Wananiambia: Mama, depo yako iko muzuri sana. Zamani nilikuwa nafurahi. Tangu mwezi wa nne, sijui niwajibu nini."

Mwezi wa Aprili mvua ilinyesha siku tatu mfululizo, na ukuta wa ndani upande wa kaskazini ukapata ufa mkubwa. Wakati huo ushirika ulikuwa umekwisha kukubaliana depo livunjwe, lijengwe jipya la mabati. Pélagie alipinga peke yake. Akamwita fundi Hamidou aje autazame ukuta huo, akitumaini atasema unatengenezeka.

Hamidou aliondoa matofali mawili matatu, akasimama. "Mama Pélagie," akaita, "huku nyuma iko nafasi. Na iko vitu."

Nyuma ya ukuta ule kulikuwa na ukuta mwingine. Kati ya kuta hizo mbili, katika upenyo wa hatua moja na nusu, magunia yalikuwa yamepangwa hadi juu. Walihesabu ishirini na mawili. Gunia la kwanza liliposhikwa lilipasuka, na vumbi la mpunga uliokwisha kuliwa na wadudu likawamwagikia miguuni.

Pélagie hakutazama vumbi. Alitazama mafundo.

"Bwana yangu alikuwa anatumia mukono wa kushoto," anaeleza. "Fundo lake lilikuwa linageuka upande mwingine, watu wote wanamucheka. Nilipoona yale mafundo, nikakaa chini."

Ili kuelewa kwa nini, inabidi kurudi mwaka 2002. Vita vilikuwa vimekaa Kindu mwaka wa nne. Mji ulizingirwa, aliyethubutu kwenda shambani hakuwa na hakika ya kurudi. Watu walikula majani ya mihogo bila mihogo yenyewe. Katika depo yalibaki magunia ishirini na mawili tu, mbegu ya familia arobaini, na mtunzaji wake alikuwa mume wa Pélagie, Joël Ngandu, aliyekuwa pia fundi wa kujenga.

Mwezi wa Agosti wanaume wenye bunduki walikuja wakadai chakula. Joël akawafungulia mlango. Ghala lilikuwa tupu. Walimpiga, wakaondoka.

Majirani walipoona ghala tupu walipata maelezo yao wenyewe: Joël ameuza mbegu, na kipigo kile kilikuwa mchezo wa kuigiza. Ushirika ukakutana humo humo ndani. Mwenyekiti, Mama Anne Ngoyi, alimwita mwizi mbele ya wote, akamuuliza mbegu iko wapi. Joël akasema hajui. Akaulizwa tena, akasema hajui. Ndipo Mama Anne akamgeukia mkewe: "Na wewe unalala naye nyumba moja. Unasema nini?"

Anapofika hapo Pélagie anachukua ufagio. Anafagia mahali ambapo hapana uchafu.

"Nilisema: mumuulize yeye. Maneno mawili tu. Sikusema ni mwizi. Lakini sikusema kama si mwizi. Aliniangalia, akaangalia chini."

Siku ya tatu Joël aliondoka akifuata reli kwa miguu kuelekea kusini. Hakuaga. Ushirika ukampa Pélagie ufunguo, kwa sababu hakuna mwingine aliyeutaka. Msimu ule hakuna aliyepanda, na kabla ya mwaka kwisha mjukuu wa Mama Anne, msichana wa miaka minne, alikufa kwa njaa.

Hapo ndipo penye fundo ambalo Pélagie hawezi kulifungua. Ikiwa Joël alijenga ukuta ule ili kuokoa mbegu, mbona hakumwambia mkewe? Aliogopa mkewe angeteswa akasema? Au hakumwamini? Na alipokuwa anaondoka, akijua watu wanakufa, mbona alikiacha chakula kimezikwa?

"Siku moja nasema alikuwa muntu mwema kupita sisi wote," anasema. "Kesho yake nasema alituua. Sasa ni yupi? Niko na watu wawili kichwani, na wote wawili ni bwana yangu."

Alichukua konzi moja ya punje zilizoonekana nzima, akazifunga katika kitambaa chenye maji. Alizikagua kila asubuhi kwa siku tisa. Haikuchipua hata moja.

Mwezi uliopita ushirika ulikutana tena. Mama Anne, ambaye sasa anatembea kwa kushikwa mkono, aliomba apelekwe hadi kwenye ukuta. Alipapasa magunia. "Nilimuita mwizi mbele ya watu," alisema. "Hakuwa mwizi. Lakini mujukuu wangu alikufa, na mupunga ulikuwa hapa. Mimi sijui nimuombe samahani ao nimulaani."

Mwishowe wanachama walikubaliana jambo moja: depo lisiguswe mpaka Joël mwenyewe aulizwe.

Maana Joël yu hai. Abdoul, mfanyakazi wa reli, amemwona Kongolo, mji ulio kusini kwenye reli hiyo, anajenga nyumba za watu, ana mke mwingine na watoto wanne. Alimletea Pélagie namba ya simu. Pélagie alipiga mara moja. Sauti ikasema, "Allô? Ni nani?" Yeye akakata simu.

"Sauti ilikuwa ileile," anasema. "Nilikuwa nimejitayarisha kwa muzee."

Sasa amemwomba dada yake, Nuru, amshikie ufunguo, na ameandikisha jina lake kwa Abdoul apate nafasi kwenye treni ya mizigo itakayoshuka kusini. Treni haina siku maalumu. Huenda ikaja wiki hii, huenda baada ya mwezi. Nguo zake zimekwisha kufungwa.

Nuru anamshauri asiende. Anasema mtu aliyeoa tena hadaiwi maneno. Pélagie anakubali kwamba dada yake anasema kweli, kisha anasema atakwenda.

"Nikifika nitakaa chini mbele yake," anasema. "Naweza kuanza na 'unisamehe'. Naweza kuanza na 'kwa nini'. Nimejaribu yote mawili hapa ndani, peke yangu, kwa sauti. Yote yanatoka vibaya. Labda nitamuacha aanze yeye."