Paa la Bibi kwenye Nyumba ya Imamu

Tulipotoka Unguja, baba alipata uimamu wa msikiti wa Wattaya, kijiji cha bondeni ng'ambo ya bahari, na uimamu ulikuja na nyumba. Kongwe hiyo, ya udongo mtupu, kuta nene, dari la magogo ya mitende, juu bapa kama sinia. Kila imamu aliyepita aliacha chake: huyu kisima cha uani, huyu vishubaka vya misahafu, mwengine mlango mfupi, kila mgeni ajigonge utosi kabla ya kutoa salamu. Wazee wa kijiji walikuwa wakituhadithia hayo kwa fahari.

Bibi, mama yake baba, aliingia, akatazama juu, akashtuka. "Nyumba haina paa!"

"Ndilo hilo, mama," baba akasema.

"Hiyo sakafu. Mvua ikija je?"

Akakaa uani akishona makuti ya mtende, akiyatukana kwa kuwa si ya mnazi, mpaka likasimama paa la mgongo juu ya lile bapa. Majirani walicheka mpaka wakakaa chini.

Mvua haikuja. Likaja joto. Wattaya nzima wakapanda juu kulala na upepo wao. Sisi makuti yameziba pande zote, tunatokota. Alfajiri moja baba alisinzia kwenye sijda, msikiti mzima ukabaki chini ukimsubiri. Lo, aibu ile!

"Ijumaa naliteremsha, mama."

"Nnakuomba, mwanangu, ningoje mvua moja tu."

Akageuka kufuta macho. Nilimhurumia sana. Lile paa ndiyo Unguja yake iliyobaki.

Alhamisi mvua ikashuka milimani, bonde likafurika. Juu halikupenya hata tone. Maji yalipita mlangoni, mgeni wa kwanza asiyejigonga utosi, magodoro yakaanza kuelea. Tukakimbilia juu, na majirani, ambao kwao juu kulikuwa wazi, wakaja kujibanza kwetu wamerowa chepechepe. Bibi alisimama kwenye ngazi, kila anayepanda anamuuliza, "Hili paa, si paa?" Hakupita mtu bila kujibu.

Baba hakuliteremsha. Alilitoboa tu pande mbili upepo upite.

Baadaye mzee mmoja alimleta mgeni kuiona nyumba. "Kisima cha imamu yule, vishubaka vya yule, na paa la imamu wetu wa Unguja."

"La nani?" Bibi akauliza kwa ukali nyuma ya pazia.

Mzee akakohoa. "La mama yake."

"Haya, endelea," Bibi akasema.