Jina la Ilunga kwa Mashine Mbili

Ile siku nakumbuka bado, mwanangu. Mvua ilikuwa imetoka ziwani asubuhi, nami nilikuwa kijana fundi wa kompyuta katika kliniki moja ndogo njia ya Kabuta. Shule yangu ilikuwa fupi. Kazi alinifundisha kaka yangu Ilunga, na tulikuwa tumemzika mwezi mmoja tu nyuma.

Kompyuta yake aliipa jina lake mwenyewe. Muuguzi, Mama Mwansa, aliitumia kuandika faili za wajawazito, zilizotunzwa kwenye seva, mashine kuu iliyokuwa ofisini. Ilipofika kompyuta ya pili, nilinakili ile ya Ilunga yote, hata jina, hata ufunguo wa siri. Kwetu mtu akifa, jina lake hupewa mrithi lisipotee. Sitakudanganya: ule haukuwa ufundi, kilikuwa kilio.

Asubuhi ile Mama Mwansa alikuwa ameandika katika faili ya mjamzito Chanda kwamba sindano fulani humvimbisha koo. Faili ikiwa mikononi mwa mmoja, seva huizuia, mwingine asiandike. Nikawasha kompyuta ya pili. Seva ikaona jina lile lile na ufunguo ule ule, ikadhani ile kompyuta Ilunga imezimika na kuamka upya, ikaiachilia faili aliyoishika Mama Mwansa. Muuguzi wa chumba cha pili, aliyetumia kompyuta hiyo mpya, akahifadhi maandishi yake juu ya yale. Neno la sindano likafutika.

Mchana Chanda akashikwa na uchungu. Sindano ile ile ilikuwa imeshavutwa dawa Mama Mwansa alipoingia.

"Hapana hiyo! Asubuhi niliandika miye mwenyewe. Nani alifuta?"

Ningeweza kunyamaza. Lakini mficha uchi hazai.

"Ni mimi, mama," nikasema, nikamweleza yote.

Akanitazama. "We mutoto! Jina la mutu unamupa mwingine mwenyewe akisha kwenda. Hii kompyuta ilikufa lini? Si kila siku inakula umeme wetu?"

Chanda akacheka katikati ya maumivu. "Kama jina halina mahali, muniletee miye."

Jioni ile ile niliipa kila mashine jina lake na ufunguo wake. Chanda alijifungua salama, mtoto wa kike, akamwita Ilunga. Sasa yuko shuleni Nchelenge, na nikisikia akiitwa, moyo hautetemeki tena.

Basi, mwanangu, usiwape wawili walio hai jina moja. Na jina peke yake halitoshi: kama ningeipa ile ya pili ufunguo tofauti, seva ingekataa, ingesema jina hili lina mwenyewe. Mgeni akija na jina la mwenyeji, uliza kabla ya kumtoa mwenyeji. Kuuliza si ujinga. Ukikosea, sema mapema. Na wafu wako walilie kwa machozi, usiwalilie kwa kazi ya watu.

Mungu akulindie jina lako, na walioondoka awaletee warithi wanaocheka.