Kikohozi cha Bibi Pettifer

Hakuna mtu mwenye akili timamu aliyewahi kumwita Myrtle Cadwell mrembo, naye alishukuru. Warembo wa filamu bubu pale Sydney walidumu miaka miwili, mitatu, wakachuja. Yeye, kwa kidevu chake kilichochongoka na macho ya kukemea, alicheza miaka kumi na mmoja: mama mkwe, mpishi mkali, mwizi wa kuku. Alitumbukizwa bwawani mara tisa. Filamu zilipoanza kusema, kazi ikaadimika, akahamia redioni, na huko akampata Bibi Pettifer.

Huyu alikuwa ajuza wa shamba la kondoo kwenye mchezo wa kila jioni, mwaka wa 1936. Jamani, alipendwa! Wasikilizaji wa bara walimtumia soksi za kulalia, jemu ya tini, dawa za kifua. Myrtle mwenyewe alikuwa na miaka arobaini na minne tu.

Barua zote kwa Bibi, hakuna hata moja kwa mtunzi. Neville Tranter, aliyeuandika mchezo huo, akaona imetosha. Alhamisi moja akamkabidhi Myrtle kurasa za kesho yake, na ukurasa wa kumi na nne Bibi Pettifer anakufa.

"Pole sana," akasema, na uso wake haukuwa na pole hata chembe. "Uzee, unajua."

"Na mimi je?"

"Wewe bado kijana. Hutakosa kitu."

Kitu gani? Kila kituo mjini kilikuwa na ajuza wake tayari. Myrtle alirudi nyumbani akakaa jikoni bila hata kuvua koti. Aliogopa, tuseme ukweli.

Ijumaa waigizaji wakasimama kuizunguka maikrofoni. Siku hizo hakuna cha kurekodi kwanza. Ukisema, Australia nzima imeshasikia. Daktari wa mchezoni alikuwa Clarrie Winslade, mzee aliyejivunia kwamba kwa miaka ishirini hajaongeza wala kupunguza neno la mtunzi yeyote. Myrtle alikata roho vizuri mno, hata fundi mitambo nyuma ya kioo akavua miwani na kuifuta. Clarrie akasoma mstari wake: "Ametutoka."

Myrtle akakohoa.

Kikohozi kidogo, kikavu, cha kiajuza kabisa. Nyuma ya kioo Neville akainuka, akapitisha kidole shingoni: mmalize. Clarrie akainamia karatasi yake. Mstari uliofuata ulisema, "Mfunikeni shuka." Akiusoma tu, Myrtle ndiyo basi tena. Mzee akamtazama Myrtle, kisha akamtazama Neville.

"Hebu subirini," akasema. "Huyu mama ana mapigo."

Muziki ulipoisha, simu zote za kituo zilikuwa zinalia. Mwanamke wa Dubbo, huko bara, alitaka aambiwe kama Bibi amekunywa supu. Wenye sabuni, waliougharamia mchezo, wakapiga nao: ole wake atakayemgusa yule bibi.

"Ulifanya makusudi," Neville akafoka.

"Koo liliniwasha."

"Na wewe, Clarrie?"

"Mimi ni daktari, bwana. Sifuniki mtu anayekohoa."

Jumatatu Neville akaja anatabasamu, dalili mbaya. Katika kurasa mpya Bibi Pettifer alikuwa hai, ila ugonjwa umemfunga kauli. Hasemi. Redioni!

"Wenye sabuni walitaka aishi," akasema Neville. "Hawakutaja kuongea."

Myrtle akasoma mara mbili. Kisha akamwendea fundi wa milio, yule wa kufungua milango na kuigiza kwato, akaazima mkongojo.

Jioni ile mkwe wa mchezoni alipouliza kama Bibi atakunywa chai, mkongojo ukagonga sakafu mara moja. Alipodokeza kwamba shamba liuzwe, ukashuka mkong'oto wa sakafu, ko ko ko bila kupumua, hata yule mwigizaji akaomba radhi ambayo haikuandikwa popote. Wiki haikwisha, watoto wa bara walikuwa wakigonga meza kukataa kabichi, na barua zikaanza kuja kwa magunia.

Ikabidi Neville aketi aandike kugonga, ukurasa baada ya ukurasa. Myrtle alizipitia kurasa hizo kwa penseli, hana haraka, kisha akamrudishia mmoja.

"Hapa umeniwekea mara mbili, bwana Neville. Bibi angegonga tatu."

Neville akatoa kalamu, akaongeza moja.