Jembe la Kuazimana

Binti yangu alikuwa akilia jikoni. Kesho yake angefanya usaili wa kazi katika kambi ya wakimbizi ya Nduta, na kila usaili uliopita Kiingereza kilimwangusha. Ni mjane, ana watoto, na mahindi yetu yalikuwa yamekauka shambani.

“Baba, ‘borrow’ na ‘lend’ zote si kuazima tu?”

Mimi ni katekista. Kiingereza changu ni kidogo, lakini kufundisha kwa maswali na majibu nimekuzoea. Nilimkabidhi jembe.

“Mimi nimefanya ‘lend’. Wewe je?”

“‘Borrow’.”

Akanirudishia, tukaanza upya, mpaka jirani akachungulia mlangoni.

“Mzee, mnagombania jembe? Nipeni mimi nikalime!”

“Unataka ‘borrow’,” binti akamjibu, machozi yangali mashavuni. Tulicheka, jirani akaondoka nalo.

Binti alirudi kutoka Nduta jioni iliyofuata, ameinamisha kichwa. Maneno yetu mawili, ‘borrow’ na ‘lend’, aliyajibu vizuri. Maneno mengine yanayofanana ndiyo yaliyomshinda. Nilianza kumshukuru Mungu kwa hayo mawili. Yeye alikuwa ameshatoka kwenda kwa jirani kuchukua jembe, maana asubuhi ingetubidi kutafuta kibarua cha kulima.