Siku Nilipofikishwa Nyumbani kwa Odhiambo

Aibu hii nimekaa nayo miaka mingi, na kwa kuwa wale wanaoijua wameitangaza vya kutosha huko Dandora, afadhali mwisikie kutoka kwangu mwenyewe, maana kuna wanaotia chumvi na kusema ati nililia. Sikulia. Nilinyeshewa tu.

Siku hizo nilikuwa napakia sabuni katika kiwanda kimoja kule Viwandani, na kama wanaume wengi wa zamu yetu nilikuwa naenda kazini na kurudi kwa baiskeli. Wenzangu walikuwa wameanzisha chama. Ukijiunga unapewa kadi yenye jina lako na nyumba unayokaa, halafu baiskeli ikikuharibikia popote njiani unatuma mtu Shauri Moyo kwa Mzee Ramadhani, fundi wa baiskeli, naye anakuja na mkokoteni na wanaume wawili wa kuusukuma. Kama baiskeli inatengenezeka anaitengeneza papo hapo, kama haitengenezeki wanakupakia wewe, baiskeli na mzigo wako mpaka kwako. Na wakisema kwako walimaanisha mlangoni kabisa. Hilo walijivunia sana.

Mimi nilikataa. Nilikuwa na baiskeli mpya, nyeusi, yenye taa ya dinamo na kengele mbili (ya pili haikuwa na kazi yoyote, ilikuwa ya urembo), na siku moja wakati wa chakula cha mchana nilisimama katikati ya mkutano wao nikawaambia kwamba hicho ni chama cha watu wasiojua kutia cheni mafuta. Watu walicheka, na mimi nikacheka kuliko wote.

Sasa Jumamosi moja wakwe zangu walikuwa wanakuja kutoka Murang'a, mara yao ya kwanza kuona nyumba yetu. Baba wa mke wangu, Mzee Gitau, alikuwa mwalimu, mtu wa maneno machache, na tangu mwanzo hakunikubali sana (kwa mke wake alikuwa ananiita "yule wa sabuni"). Kazi niliyopewa na mke wangu Wambui ilikuwa moja tu: nikitoka kiwandani saa saba nipitie kwa muuza nyama, nifike nyumbani kabla ya saa tisa ili apike. Mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi, lakini nilikuwa na koti la mvua la rafiki yangu Odhiambo, ambaye tulikuwa tunafanya naye kazi mashine moja, na ambaye alikuwa amekwenda likizo kwao Siaya akaniachia. Nikalivaa, nikafunga nyama kwenye keria, nikashika barabara ya Jogoo nikipiga kengele zote mbili.

Karibu na uwanja wa mpira niliona kidimbwi, nikasema ni kidimbwi tu, kumbe ni shimo ambalo sijui lilikuwa limechimbwa kutafuta nini. Gurudumu la mbele likaingia na kutoka limejikunja kama chapati, cheni ikakatika, nami nikajikuta nimekaa ndani ya maji nimekumbatia nyama. Fundi viatu aliyekuwa amejikinga mvua kwenye baraza akaniuliza, "Wewe ni wa chama? Mzee Ramadhani yuko hapo nyuma tu, nimwitie?"

Nikatia mkono mfukoni mwa koti nitafute leso nijipanguse uso, nikashika kadi. Ilikuwa kadi ya chama ya Odhiambo, mwenyeji wa Huruma, imejaa sahihi na muhuri. Nikapiga hesabu haraka: kutoka Huruma nikivuka Kariobangi niko kwangu, hata baiskeli nitaibeba begani. Kuna ubaya gani?

"Mwitie," nikasema.

Mzee Ramadhani alifika na mkokoteni, akavaa miwani, akaisoma kadi kwa makini. "Odhiambo?"

"Ndiye mimi."

Basi mmoja wa wale wasukumaji akafurahi sana, akanisalimu kwa Kijaluo. Nikakohoa. Akanisalimu tena, maneno marefu zaidi, nikakohoa zaidi na kujishika kifua.

"Masikini, kifua kimembana," akasema Mzee Ramadhani. "Mpandisheni, mumfunike na turubai."

Ndivyo nilivyopita Pumwani na Eastleigh nimelala chali kama gunia la viazi, baiskeli ubavuni, nyama tumboni, na watu wakichungulia kuona ni nini kimebebwa. Tulipokaribia Huruma nikainua kichwa. "Hapa panatosha, mzee. Asanteni sana."

"Mpaka mlangoni, ndugu yangu."

"Nitatembea tu."

"Na hicho kifua? Lala."

Nikalala. Ningefanya nini?

Mke wa Odhiambo, Mama Akinyi, nilikuwa sijawahi kumwona, kwa sababu alikuwa amekuja kutoka nyumbani miezi michache tu iliyopita. Alitoka na sufuria mkononi, na nyuma yake wakatoka majirani wote wa ploti ile, maana mkokoteni ukisimama mlangoni kwa mtu lazima kuna habari.

"Mama," Mzee Ramadhani akasema kwa heshima, "tumekuletea mzee wako. Baiskeli imeharibika, na kifua pia si kizuri."

Mama Akinyi akaniangalia toka viatu mpaka nywele. "Huyo si bwanangu."

"Mama, hasira za nyumbani tunazijua, hata mimi nimeoa."

"Bwanangu yuko Siaya."

"Basi amerudi. Mpokee, hayo mengine mtayamaliza ndani."

Jirani mmoja akapiga kelele kutoka dirisha la juu, "Huyo si Odhiambo! Odhiambo ni mrefu!" na yule msukumaji wa Kijaluo akamjibu, "Amekunjika kwa ugonjwa!" Watu wakacheka, na wallahi hata mimi nilikaribia kucheka, mpaka Mama Akinyi akasogea, akashika kola ya koti.

"Ngoja. Hili koti ni la bwanangu. Kiraka hiki nilikishona mimi. Umelitoa wapi?"

Kicheko kikakatika. Mtu mmoja nyuma akalitamka lile neno, mwizi, kwa sauti ndogo, halafu mwingine akalirudia kwa sauti ambayo haikuwa ndogo, na nikaona mwanamume mmoja anainama kutafuta jiwe. Kama hujawahi kusimama mtaani kwetu ukasikia neno hilo likitafuta pa kutua, huwezi kujua vile kifua changu kilipona mara moja.

"Mimi ni Njoroge!" nikapiga kelele. "Njoroge wa Dandora! Nafanya kazi na Odhiambo, mashine moja! Koti aliniachia, kadi nimeipata mfukoni, mimi si mwanachama, nimedanganya, nisameheni!"

Mama Akinyi akaliachilia koti polepole. "Njoroge yupi? Yule wa kengele mbili?"

"Ndiye," nikasema.

Wakacheka mpaka mwenye jiwe akaliangusha. Asiyecheka alikuwa Mzee Ramadhani. Alivua miwani, akaipangusa, akaniambia bila kupandisha sauti, "Bwana Njoroge, chama chetu kinawabeba wanachama. Wewe tumekubeba kwa uongo. Baiskeli yako itashuka pale ilipopandia."

Nilimsihi. Nikamweleza habari ya wakwe, ya Murang'a, ya nyama. Akasema pole, na wakageuza mkokoteni, baiskeli yangu ikiwa juu. Mama Akinyi akanionea huruma. "Shemeji, lete hiyo nyama niipeleke kwako mimi mwenyewe, wageni wasikae na njaa."

Nikampa, nikamwelekeza nyumba. "Lakini shemeji, tafadhali, usiwaambie."

"Mimi? Nitawaambia nini?"

Basi nikafuata mkokoteni kwa miguu kurudi Jogoo, hatua kwa hatua, kama mtu anayesindikiza jeneza, kupitia mitaa ile ile na mbele ya watu wale wale, na pale shimoni wakaishusha baiskeli kwa upole kabisa. Yule wa Kijaluo akanipa mkono na kuniaga kwa lugha yao. Nikaitikia kwa Kikuyu. Halafu nikaitia baiskeli begani nikaanza safari ya Dandora.

Nilifika jua likishuka. Ndani walikuwa wameshakula, harufu ya nyama ilikuwa bado imejaa chumba, na Mzee Gitau alikuwa ameketi kwenye kiti changu. Wambui hakuniangalia. Njiani nilikuwa nimetunga hadithi nzuri, nikaitoa yote nikiwa bado nimesimama: kwamba nilikuta mzee mmoja amegongwa na lori, kwamba nilimpeleka hospitali kwa baiskeli yangu, kwamba ndiyo maana gurudumu liko vile, kwamba yule mzee alinibariki akitokwa na machozi.

Mzee Gitau akasikiliza yote bila kunikatiza. "Endelea," akasema nilipotua kuvuta pumzi, nami mjinga nikaendelea, nikaongeza na daktari.

Pazia la jikoni likafunguka, Mama Akinyi akatoka na birika la chai, amejifunga leso ya mke wangu kiunoni, yuko kwake kabisa. Mama mkwe akainamisha kichwa akaanza kutikisika mabega. Mzee Gitau akasogea, akagonga kiti kilichokuwa kando yake.

"Karibu, Odhiambo," akasema. "Keti ule."

Hapo Wambui naye akashindwa, akacheka mpaka akashika ukuta. Nilikula mifupa iliyobaki, nimelowa, na yule mzee akanimiminia chai kwa mkono wake, jambo ambalo hajawahi kulifanya tena. Wanasema tangu siku hiyo alinipenda. Labda, lakini jina langu hakulitaja tena mpaka baada ya miaka miwili, siku ya ubatizo wa mtoto, na ni kwa sababu padri aliuliza.

Jumatatu nilikwenda Shauri Moyo kujiunga na chama. Mzee Ramadhani akaniuliza jina, akaniuliza tena, halafu akasema atahitaji picha ya kubandika kwenye kadi, na si yangu peke yake, ya kila mwanachama, kwa hiyo zamu nzima ilikwenda kwa mpiga picha ikinilaani. Tangu hapo sijawahi kuingiza mkono katika mfuko wa nguo ya kuazima. Nikinyeshewa nanyeshewa, na nikikwama barabarani nalitaja jina langu kamili kabla hata sijaulizwa kama nimeumia.